Sura ya Tano: Hii Kampuni Ipo Kweli?

"Mwanangu, hebu niangalizie hawa watu kwenye simu yako. Wapo kweli?"

Aliyeniuliza alikuwa mama mtu mzima, ameketi juu ya gunia la mpunga nje ya mashine ya kukoboa pale Idete, mkononi kashika kadi ya biashara iliyokwisha kulegea kwa jasho. Ilikuwa Juni. Mwezi huo bonde la Kilombero lina fedha na lina wageni: bodaboda na fuso zinapishana vumbini, na madalali wanajua nyumba ipi imevuna nini kabla gunia la mwisho halijashonwa. Kadi yenyewe ilikuwa nadhifu. Ilikuwa na nembo ya shuke la dhahabu, jina refu lililoishia na neno Limited, namba mbili za simu, na anwani ya ghorofa fulani Dar es Salaam. Kijana aliyeiacha alitaka magunia arobaini kwa mali kauli, yaani achukue leo kwa neno tu, alipe baada ya wiki mbili, mteja wake wa mjini akishamlipa.

Nikaandika lile jina kwenye Google. Likaja: ukurasa wa Facebook, picha za ghala, watu wenye kofia za njano wakipeana mikono. "Wapo, mama," nikamjibu, nikarudisha simu mfukoni kama fundi aliyemaliza kazi.

Lilikuwa jibu la ovyo. Mama alitaka kujua kama kuna mtu atakayemlipa. Mimi nikamjibu kwamba kuna mtu aliyepiga picha. Nilipofika kwenye kona ya barabara ndipo nikashtuka, nikageuza pikipiki. Nitakueleza mbele tulivyomalizana na yale magunia. Kwanza tulizungumze swali lake, maana kila ninapokwenda nakutana nalo, kwa muuza pawatila, kwa wakala wa mbegu, kwa vijana wanaotumiwa meseji za mikopo usiku wa manane.

## Kampuni ni nani hasa?

Tunasema "kampuni" kwa kila kitu chenye bango. Duka la pembejeo ni kampuni, kikundi cha akina mama ni kampuni, jamaa mmoja mwenye fuso na fulana zilizochapishwa jina lake naye ni kampuni. Sheria haioni hivyo, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua utamdai nani siku mambo yakiharibika.

Jina la biashara ni kama kofia. Mtu yule yule, Juma au Asha, kavaa kofia iliyoandikwa "Neema Traders". Akikopa mpunga wako, anayedaiwa ni Juma mwenyewe, na nyumba yake imo, shamba lake limo.

Kampuni yenye Limited ni kitu kingine. Kisheria huyo ni mtu mpya, kazaliwa kwa cheti, hana damu wala nyama, lakini anaweza kumiliki, kukopa, kushtaki na kushtakiwa. Neno Limited lina maana kwamba wenye hisa, yaani waliochangia mtaji, hasara yao ina mwisho: wanapoteza walichoweka humo, basi. Msingi huu uliwekwa wazi London mwaka 1896, katika kesi ya mtengeneza viatu aitwaye Salomon, ambaye kampuni yake ilifilisika na wadai wakataka wamfuate yeye mwenyewe. Mahakama ikasema hapana, kampuni ni mtu wake na Salomon ni mtu wake. Tulirithi sheria hizo wakati wa Mwingereza, na Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika 2006, inasimama juu ya msingi huo huo.

Kwa hiyo Limited kwenye kadi, ambayo wengi wetu huiona kama muhuri wa uaminifu, kwa mkulima anayekopesha ingepaswa kuwa kengele. Inakuambia kwamba ukitapeliwa utamkuta mtu asiye na nyumba.

Kipo na chama cha ushirika, ambacho vijijini twakiita AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao na masoko. Hicho husajiliwa kwenye Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Ukikitafuta kwenye daftari la makampuni hutakipata, nacho kitakuwa halali kabisa.

## Kabla ya simu

Zamani si mbali. BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, ulizinduliwa mwaka 1999, na kwa miaka mingi ukitaka kujua kampuni ni ya nani ulikwenda Dar es Salaam, Mtaa wa Lumumba, jengo la Ushirika, ukalipia, ukaletewa faili. Kwa mtu wa Idete hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 400: kwanza Ifakara, kisha Mikumi, kisha Morogoro, halafu ulale kwa ndugu Mbagala. Hakuna mkulima aliyefanya safari hiyo kwa ajili ya magunia arobaini. Aliyetaka kutapeli alikuwa na ulinzi wa kilomita 400.

Mwaka 2018 BRELA ilihamishia usajili kwenye mfumo wa mtandaoni. Tangu hapo daftari lile limo, kwa namna fulani, ndani ya simu ya kijana anayechoma mahindi stendi ya Ifakara. Tatizo ni kwamba hajui alifungue ukurasa gani.

## Maswali matatu ndani ya moja

"Ipo kweli?" ni kifurushi. Ukikifungua unakuta maswali matatu, na kila moja linajibiwa mahali tofauti.

Je, imesajiliwa? Jibu liko BRELA, au kama ni kampuni ya Zanzibar, kwenye Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali wa huko. Madaftari ni mawili, na kampuni ya Unguja haitatokea bara hata iwe kongwe namna gani.

Je, inaruhusiwa kufanya hiki inachotaka kufanya na mimi? Jibu liko kwa mdhibiti, yaani taasisi ya serikali inayosimamia shughuli hiyo.

Je, pesa au mali yangu inakwenda kwa nani? Jibu hili, amini usiamini, mara nyingi linapatikana kwenye kiswaswadu, yaani simu ndogo ya vitufe.

Watu wengi huishia kwenye swali la kwanza, na matapeli wanalijua hilo. Wenye umri wanaikumbuka DECI. Watu "walipanda mbegu" na kuambiwa "watavuna" mara dufu, wakauza ng'ombe na viwanja wapate cha kupanda. DECI ilikuwa kampuni iliyosajiliwa, na cheti chake kilionyeshwa kwa fahari. Kilichokosekana ni leseni ya kupokea amana, yaani fedha za umma za kutunza. Mwaka 2009 ikasimamishwa, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wake kwa kuendesha upatu na kupokea amana bila leseni. Cheti cha usajili ni kama cheti cha kuzaliwa. Kinathibitisha kwamba mtoto kazaliwa, hakisemi kama ana leseni ya udereva.

## Anza na kiswaswadu

Naanza hapa kwa makusudi, kwa kuwa nimechoka na vitabu vinavyodhani kila msomaji ana simu janja, bando na mtandao unaosoma. Huku kwetu mvua ikikaza hata barabara haipitiki, sembuse intaneti.

Chombo chenye nguvu kuliko vyote unacho tayari: ni lile jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Ukitaka kulipa kwa lipa namba, simu hukuonyesha jina la biashara iliyofungua namba hiyo. Ukianza kumtumia mtu fedha, hukuonyesha jina la mwenye laini. Unaingia kwenye menyu ya kutuma, unaandika namba, unaandika shilingi 1,000, jina linatokea, unalisoma taratibu, kisha unaghairi. Haikugharimu senti. Tunafanya hivyo kila siku tukitaka kujua ni nani aliyetupigia, lakini mbele ya mtu mwenye shati lililopigwa pasi na kadi yenye nembo ya dhahabu tunaona aibu kufanya.

Fanya mbele yake. Mwambie, "Nipe namba ambayo kampuni yako inapokelea na kulipia." Kampuni ya kweli ina akaunti ya benki au lipa namba kwa jina lake. Ukiona jina la mtu binafsi, basi unafanya biashara na mtu binafsi, hata kama amekuja na gari lenye maandishi mlangoni. Inawezekana ni mtu mwema. Mpe masharti unayompa mtu binafsi.

Lina udhaifu wake jina hilo. Laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, utaratibu uliobanwa sana mwanzoni mwa 2020, lakini wapo wanaotumia laini zilizosajiliwa kwa vidole vya wengine, mara nyingi vya wazee walioambiwa "weka kidole tena, hakijasoma". Ndiyo maana na wewe mwenyewe piga \*106# mara kwa mara uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiikuta usiyoijua, nenda kwa mtandao husika ikafungwe. Na meseji za "tuma kwenye namba hii" usizifute tu. Zipeleke kwenye namba 15040, inayokusanya taarifa za matapeli.

Jambo jingine la kiswaswadu liko kwenye mfuko wa mbegu. Mbegu iliyothibitishwa na TOSCI, taasisi inayodhibiti ubora wa mbegu, huwekewa lebo yenye sehemu ya kukwangua kama vocha. Unakwangua, unatuma tarakimu kwa kufuata maelekezo ya kwenye lebo, na jibu hurudi likitaja mbegu hiyo ni ya nani. Mkulima wa SARO 5, mpunga uliotoka mikononi mwa watafiti wetu hapa hapa Ifakara, anaweza kumaliza uchunguzi huo akiwa bado kasimama kaunta, kabla hajalipa. Nasisitiza kabla. Nimewaona wengi wakikwangua jioni nyumbani.

Kwa ufupi, bila intaneti unaweza kujua:

- fedha zinakwenda kwa jina la nani;
- laini zipi zimejificha kwenye kitambulisho chako;
- mbegu uliyoshika imetoka wapi.

## Sasa simu janja

Bando dogo la siku linatosha. Usianzie kwenye Facebook, na Google uitumie kama mtu wa kukuelekeza njia tu. Mtandao una tabia ya kukuletea kinachofanana. Andika "Idete" uone: utaletewa ya Kilombero na utaletewa Idete ya mkoani Iringa, yenye miti ya kupandwa na baridi yake, na usipoangalia utasoma habari za watu wa milimani ukidhani ni za majirani zako. Makampuni nayo yana majina pacha hivyo hivyo.

Nenda moja kwa moja kwenye tovuti ya BRELA, na hakikisha anwani inaishia na go.tz, alama ya tovuti za serikali ya Tanzania. Kuna kurasa za kuigiza. Ukiwa ndani ya mfumo wa usajili, tafuta kwa jina, au bora zaidi kwa namba ya usajili. Namba haina pacha. Ndiyo maana swali la kwanza la kumuuliza mtu wa kampuni ni "namba yenu ya usajili ni ipi?" Afisa wa kweli ataisoma kwenye karatasi, au atampigia mhasibu. Asiye wa kweli ataanza kukueleza historia ya kampuni.

Tazama jina herufi kwa herufi. "Agro" na "Agri" ni makampuni mawili. "Enterprises" na "Investment" ni mawili. Tazama tarehe ya kusajiliwa pia: anayejisifu kwa uzoefu wa miaka 15 na cheti chake kina miezi minne, mwache amalizie chai yake, umuage.

Ukitaka undani, yaani wakurugenzi ni nani, hisa zimegawanywaje, kama mali imewekwa rehani benki, hilo huombwa rasmi kwa kufungua akaunti kwa namba yako ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA, na kulipa ada kwa kumbukumbu namba ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba. Kwa magunia arobaini huenda usione sababu. Kwa kikundi cha wakulima hamsini kinachotaka kusaini mkataba wa msimu mzima, ada hiyo ni bei ya soda. Wakenya wamezoea: huko karatasi ya kuonyesha wakurugenzi na wenye hisa huitwa CR12, huombwa mtandaoni kupitia eCitizen, na mfanyabiashara wa kawaida Mombasa anaitaja kama sisi tunavyotaja risiti.

Risiti nayo usiidharau. Ile ya mashine ya kodi, EFD, inabeba jina la muuzaji, namba yake ya mlipakodi na alama ya mraba ya kuskani. Ukiiskani, au ukiandika namba ya uhakiki kwenye ukurasa wa Mamlaka ya Mapato, TRA, utajua kama risiti inatambulika au imechapishwa uchochoroni. Nimekuta duka lenye bango la kampuni moja likitoa risiti ya jina la pili, na lipa namba ya jina la tatu. Mwenyewe alicheka tu, akasema ni mambo ya familia. Huenda ilikuwa kweli. Nilinunua dawa ya magugu kwingine.

## Kibali: hapa ndipo penye chambo

Ukishajua kampuni imezaliwa, uliza imeruhusiwa nini. Orodha hii ikate uibandike mahali:

- Anakopesha au anapokea fedha kuzitunza: Benki Kuu ya Tanzania.
- Anauza bima ya pikipiki au gari: TIRA, ambako unaweza kuhakiki kama bima ipo kwa namba ya chombo.
- Anauza mbolea: TFRA. Viuatilifu: TPHPA. Mbegu: TOSCI.
- Anauza hisa au vipande vya mfuko wa uwekezaji: Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.
- Ananunua mazao kijijini: leseni ya biashara ya halmashauri, ambayo siku hizi huombwa kwenye mfumo wa Tausi, na kabla ya hapo ajitambulishe kwa mtendaji wa kijiji.

La mikopo ndilo linalowaka moto. Mwishoni mwa 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Ukisoma majina yale unaona ufundi wa matapeli: pesa, haraka, maneno matamu ya nyumbani. Nyingi zilifanya mchezo mmoja. Unapakua, programu inakuomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako, unabonyeza "kubali" kwa kuwa una haraka, na ukichelewa kulipa siku moja, mama mkwe na mwalimu wa mtoto wanapokea meseji kwamba wewe ni mwizi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakataza udhalilishaji wa namna hiyo, na kuna tume ya kupeleka malalamiko. Lakini mama mkwe akishasoma, kashasoma.

Benki Kuu huweka kwenye tovuti yake majina ya walioruhusiwa. Kulitafuta jina humo hakuzidi dakika tano. Lisipokuwemo, hakuna haja ya kujadili riba.

Mambo mawili ya kushika hapa: usajili na kibali ni vitu viwili, na aliyepewa kibali cha jambo moja hakupewa cha jingine. Mwenye leseni ya kuuza mbolea hana ruhusa ya kukuwekea akiba.

## Mwenye mali yuko wapi?

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa bonde letu ni darasa zuri kuliko vitabu.

Chukua sukari. Mkulima wa miwa wa nje huko Kidatu anaiuzia Kampuni ya Sukari Kilombero. Ni ya nani? Serikali ya Tanzania ina asilimia 25. Asilimia 75 ni ya Illovo, ya Afrika Kusini. Illovo nayo, tangu 2016, yote ni ya Associated British Foods ya London. Tangu 2015 daftari la makampuni la Uingereza linasomwa bure na mtu yeyote mwenye simu, popote alipo, bila akaunti. Fuatilia humo na kwenye ripoti zao za mwaka, utakuta kampuni hiyo ya London, yenye maduka ya nguo ya Primark na majani ya chai ya Twinings, kwa sehemu kubwa iko mikononi mwa kampuni nyingine iitwayo Wittington. Na Wittington kwa karibu asilimia 80 ni mali ya Garfield Weston Foundation, mfuko wa hisani. Muwa uliokatwa Msolwa, ukiufuata kwa kidole kwenye kioo cha simu, unafika kwenye mfuko wa misaada Uingereza. Mimi nilipofika mwisho wa mnyororo huo mara ya kwanza nilirudia mara mbili nikidhani nimekosea njia.

Sasa Mngeta, mbele ya Idete ukielekea Mlimba. Shamba la mpunga la pale lilianza 1986 kama ubia wa Tanzania na Korea Kaskazini, KOTACO. Wakorea wakaondoka, magugu yakalala. Kuanzia 2008 likafufuliwa na Kilombero Plantations Limited, KPL, ubia wa kampuni ya Agrica yenye makao Uingereza na RUBADA, iliyokuwa mamlaka ya serikali ya bonde la Rufiji. Zaidi ya hekta 5,000, kombaini, vinu, umeme wa maji. Wakulima jirani wakafundishwa kilimo shadidi, wengine wakachukua mikopo ya mbegu na mbolea. Mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Norway, Norfund, uliweka fedha humo.

Angekuwepo mtu aliyeuliza "KPL ipo kweli?" angejibiwa ndiyo kwa kila kipimo. Imesajiliwa, ina hati, ina mitambo unayoisikia ikinguruma. Na bado, miaka kama kumi baadaye, madeni yakaielemea na shamba likatoka mikononi mwake. Hapakuwa na utapeli wa kadi wala nembo hapo. Kampuni ya kweli ilishindwa biashara ya kweli, na kwenye kampuni iliyoshindwa wakopeshaji wenye rehani hutangulia kwenye foleni, wengine hufuata nyuma. Kilichokuwa na faida kujua mapema kilikuwa ndani ya faili: nani anaidai, na nini kimewekwa rehani. Hayo huandikwa. Watu hawayasomi.

Kuna safu moja zaidi. Tangu marekebisho ya sheria ya 2020 na kanuni za 2021, kila kampuni Tanzania inatakiwa kumtaja mmiliki manufaa, yaani binadamu halisi anayefaidika au kuamua nyuma ya majina ya kwenye karatasi. Daftari hilo hata hivyo ni la vyombo vya serikali, si la wewe na mimi. Kwa maoni yangu lingefunguliwa. Anayenunua mpunga wa watu kwa mali kauli hana haki ya kuvaa barakoa.

## Simu isichokijua

Simu haijui kama kampuni inalipa kwa wakati. Hiyo anaijua dereva wa fuso, anaijua mwenye mashine ya kukoboa, wanaijua wapagazi wanaopakia lumbesa na kusubiri ujira. Daftari la wageni la ofisi ya kijiji linajua nani alikuja msimu uliopita na kama alirudi. Ukishamaliza kuperuzi, piga simu mbili kwa watu wa kijiji cha jirani, Namwawala au Mbingu, waulize swali moja tu: "Aliwalipa?"

Simu haijui pia kama aliyesimama mbele yako anatoka kwenye kampuni aliyoitaja. Na hapa narudi kwa mama.

Nilipogeuza pikipiki nilimkuta bado ameketi pale pale. Tukaanza upya. Jina kwenye daftari la BRELA lilikuwemo, herufi kwa herufi, kampuni halali, yenye miaka kadhaa. Moyo ukatulia. Halafu tukampigia kijana, mama akaongea mwenyewe: "Baba, naomba namba ambayo kampuni inalipia." Akatoa ya simu, haraka haraka. Tukaingiza 1,000. Likatokea jina la mtu ambalo halikuwa kwenye kadi, wala si la kijana mwenyewe alivyojitambulisha. Tukaghairi. Kisha nikatafuta simu ya ofisi ya ile kampuni, tofauti na namba za kwenye kadi. Dada aliyepokea alikuwa mpole. Akatuuliza tuko wapi, tukamwambia Idete. Akasema kampuni yao inanunua alizeti, haijawahi kununua mpunga, na haina mtu yeyote Kilombero.

Kampuni ilikuwepo. Kijana ndiye hakuwemo.

Jioni ile mama aliuza magunia 12 kwa mwenye mashine, kwa fedha taslimu, bei ya chini kidogo ya ile aliyoahidiwa. Yaliyobaki 28 aliyafungia ndani, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake.